Namna ya kuandaa miadi ya daktari kwa simu ambayo wagonjwa wa Nyanda za Juu Kusini wataitumia

Mwezi Februari, mvua inapokuwa imekolea, mgonjwa wa presha anayeishi katika kijiji cha milimani wilayani Makete au Ludewa huipigia hesabu safari yake ya kliniki: nauli ya kwenda na kurudi, siku nzima ya palizi itakayopotea, utelezi wa barabara, na uwezekano wa kufika akaambiwa kwamba daktari hayupo. Mara nyingi hesabu hiyo huishia kwenye kuahirisha. Dawa humwishia, naye anaporudi kituoni miezi kadhaa baadaye huwa amebebwa, mkono na mguu wa upande mmoja havina nguvu. Nimewapokea wagonjwa wa namna hiyo nikiwa muuguzi, kwanza wilayani Mufindi na baadaye Rungwe, na kila mara nimejiuliza kama mazungumzo ya dakika kumi kwa simu, yaliyofanyika kwa wakati, yasingebadilisha mambo.

Mwongozo huu nimewaandikia waganga wafawidhi, wauguzi na kamati za afya za vijiji wanaotaka kuanzisha miadi ya aina hiyo. Hauhusu mitambo. Unahusu yale yanayomfanya mtu akubali kuzungumza na daktari asiyemwona, au akatae, kwa sababu uamuzi huo hufanyika nyumbani kwake muda mrefu kabla simu haijaita.

Anzeni kwa kuuliza kabla ya kununua chochote

Kituo kimoja nilichofanya kazi kilipata kishikwambi, kikabandika namba ya simu kwenye mlango wa mapokezi na kutangaza kanisani kwamba daktari sasa anapatikana kwa simu. Wiki sita zilipita, na waliopiga walikuwa watu wachache wa mjini waliotaka kujua saa za kufungua. Tulidhani wananchi hawajaelimika. Tulipokwenda majumbani tukakuta kwamba walikuwa wamelielewa tangazo vizuri sana, ila walikuwa na maswali ambayo hakuna aliyewajibu: simu hiyo nailipia mimi au mnailipia ninyi? Nani mwingine anasikia? Na daktari akisema nahitaji dawa, nitaifuata wapi?

Watafiti wameyapanga maswali ya namna hiyo kwa miaka mingi. Mwaka 1989 Fred Davis alieleza kwamba mtu hukubali teknolojia mpya akiamini mambo mawili, kwamba itamfaa na kwamba haitamsumbua kuitumia. Mwaka 2003 Viswanath Venkatesh na wenzake, Davis akiwa mmoja wao, waliyaweka pamoja mambo manne: faida anayoitarajia mtumiaji, wepesi wa matumizi, msukumo wa watu anaowaheshimu, na mazingira yanayomwezesha. Mawazo hayo yaliandikwa yakilenga zaidi wafanyakazi wa ofisini na kompyuta zao, lakini nimeyaona yakifanya kazi kwenye jiko la kuni. Mama wa Kibena anayeambiwa na mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayemfahamu kwamba simu ya daktari ilimsaidia jirani yake atajaribu. Akiambiwa na bango, atapita.

Kwa hiyo chagueni familia kumi zenye mgonjwa wa muda mrefu, baadhi zikiwa karibu na barabara ya lami na nyingine zikiwa mbali nayo, mkae nazo mmoja mmoja bila haraka. Waulizeni safari yao ya mwisho ya kliniki iligharimu nini, kuanzia nauli ya bodaboda hadi chakula cha njiani na kibarua walichokosa. Waulizeni ni jambo gani lililowaridhisha siku hiyo na ni lipi lingeweza kusemwa kwa simu. Msiwaulize kama wangependa huduma ya simu, kwa maana mgeni wa serikali akiuliza hivyo nyumbani kwa watu hujibiwa ndiyo kwa adabu tu.

Simu ni ya nani, na nani yuko karibu nayo

Hapa ndipo huduma nyingi huanguka, na hapa ndipo ninapoomba msomaji akae zaidi.

Kwenye kadi ya kliniki huwa kuna nafasi ya namba ya simu, nasi huijaza kana kwamba namba moja ni mtu mmoja. Vijijini kwetu sivyo. Laini inaweza kuwa imesajiliwa kwa jina la mtoto aliyeko Makambako kwa sababu siku ya kuweka alama za vidole mzee hakuwa na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Kitochi kinaweza kuwa cha mume, kikaondoka naye alfajiri kwenda shambani na kurudi giza likiwa limeingia. Simu inaweza kuwa imeachwa kwenye kibanda cha kuchajia senta tangu juzi, na anayeipokea ni kijana wa kibandani. Daktari anayeanza kusema, “Habari, nakupigia kuhusu majibu yako,” kabla ya kujua anayesikia ni nani, ameshatoa siri ya mgonjwa.

Katika mikoa hii siri hiyo ina uzito wa pekee. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya UKIMWI wa 2022 hadi 2023 ulionyesha kwamba mkoa wa Njombe ulikuwa na kiwango cha juu cha maambukizi ya VVU kuliko mikoa yote nchini, asilimia 12.7 ya watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi, ukifuatiwa na Iringa kwa asilimia 11.1 na Mbeya kwa asilimia 9.6. Maana yake kwa kazi yetu ni kwamba katika ukoo wowote mkubwa huenda yupo mtu anayetumia dawa za kufubaza virusi na hajawaambia wote anaoishi nao. Mtu huyo akihofia kwamba simu itaita wakati imeshikwa na shemeji, atatoa namba isiyo sahihi, nasi tutaandika kwenye rejista kwamba hapatikani.

Lipo pia suala la heshima. Katika jamii ya Wanyakyusa ipo desturi ya zamani ya mke wa mtoto kumwepuka baba mkwe wake, na ingawa ukali wake umepungua, zipo nyumba ambazo bado inafuatwa. Pale ambapo simu ya kutegemewa ni ya mzee mwenye mji, msichana aliyeolewa hapo hawezi kuiomba akaeleza juu yake habari za hedhi au maumivu ya tumbo la chini. Tukimwona kimya tusiseme kwamba haamini tiba mtandao, yaani kutibiwa na daktari aliye mbali kwa njia ya simu au video. Mpeni miadi ya kuzungumza na daktari akiwa zahanati au nyumbani kwa mhudumu wa afya, mbali na boma, akitumia simu ya kituo.

Utaratibu ninaoupendekeza ni huu. Mgonjwa anapokuwa mbele yenu, mwulizeni faraghani ni namba ipi ipigwe, ni ya nani, ni saa ngapi anakuwa nayo, na kama mwingine akipokea asemeje. Kubalianeni neno la kumtambulisha mpigaji, kwa mfano “ni yule dada wa Alhamisi,” na swali moja ambalo yeye peke yake analijua jibu lake. Ujumbe mfupi usitaje jina la ugonjwa, dawa wala kliniki. Useme tu kwamba anakumbushwa mazungumzo ya siku fulani. Haya yote yaandikwe kwenye faili, si kwenye daftari linalolala mezani mapokezi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, hivyo muuguzi anayempigia mgonjwa kwa simu yake binafsi na kuziacha picha za vidonda kwenye kundi la WhatsApp la kazini anafanya jambo lisilofaa hata kama nia yake ni njema. Tafuteni laini ya kituo na simu inayobaki kituoni.

Gharama, saa na mtandao

Mgonjwa asilipie simu. Wananchi wetu wamezoea kubipu, na utaratibu huo ni mzuri kwa kazi hii: mgonjwa abipu, kituo kimpigie ndani ya muda mliokubaliana. Muda huo ukiwa ni saa moja, iwe saa moja kweli, kwa kuwa mtu aliyepanda kwenye kilima kilicho nyuma ya shule ili apate mtandao hawezi kukaa huko hadi jioni akingojea. Akingojea mara moja bila kupigiwa, hatabipu tena, na jirani zake watajua.

Msikimbilie simu ya video. Inahitaji simu janja, bando na mtandao imara, vitu ambavyo havipatikani kwa pamoja katika kata nyingi za Ileje, Kilolo au Ludewa. Sauti peke yake inatosha kufuatilia presha, kisukari, kifafa, pumu na maendeleo ya mtu aliyetoka hospitali baada ya upasuaji, mradi alishaonwa ana kwa ana na yupo mtu wa kumpima karibu. Pale daktari anapohitaji kuona upele au kidonda, picha iliyopigwa mchana na mhudumu wa zahanati kwa simu ya kituo huwa na manufaa kuliko video inayokatika.

Kuhusu saa, fuateni ratiba ya shamba badala ya ratiba ya ofisi. Wakati wa palizi au wa kuvuna viazi, saa 4 asubuhi hakuna mtu nyumbani. Jaribuni saa 12 jioni mara mbili kwa wiki, au siku ya gulio, ambapo watu hushuka senta penye mtandao na umeme. Katika kituo chetu siku ya gulio ndiyo iliyokuja kuwa siku yenye miadi mingi kuliko nyingine zote, nasi tulitenga chumba kidogo nyuma ya maabara ili watu wazungumze bila kusikiwa.

Chagueni wagonjwa kwa uhitaji wao, wala si kwa umri

Wengi wetu hudhani kwamba huduma hii ni ya vijana. Takwimu za Marekani, ambako matumizi yaliongezeka sana baada ya UVIKO-19 kuingia, zinaonyesha picha nyingine. Mwaka 2021 asilimia 37 ya watu wazima wa nchi hiyo walikuwa wamewahi kutumia tiba mtandao katika miezi 12 iliyotangulia. Miongoni mwa wenye umri wa miaka 18 hadi 29 ilikuwa asilimia 29.4, na miongoni mwa waliofikisha miaka 65 na kuendelea ilikuwa asilimia 43.3. Wanawake waliitumia kuliko wanaume, na watu wa miji mikubwa kuliko wa vijijini. Nchi ile si yetu, na wazee wao wana bima na simu ambazo wazee wetu hawana, lakini funzo la umri linatuhusu: mwenye maradhi ya kudumu ana sababu ya kupiga simu, na sababu hiyo humvusha juu ya ugumu wa kifaa iwapo yupo mjukuu wa kumbonyezea.

Miadi ya kwanza ifanyike ana kwa ana kila inapowezekana. Sisemi hivyo kwa sababu ya vipimo pekee. Mgonjwa aliyemwona daktari usoni na kusikia sauti yake humtambua kwenye simu, na imani hiyo ndiyo inayobeba mazungumzo yote yanayofuata. Wale wanaoletewa daktari mpya kila wanapopiga huacha upesi, hata kama kila daktari alikuwa hodari.

Yapo mambo ambayo hayapaswi kungoja simu, na mgonjwa ayajue kabla hamjaachana. Mjamzito anayetokwa na damu, anayeumwa kichwa kikali au anayeona ukungu machoni. Kichanga anayekataa kunyonya. Mtu anayepumua kwa shida, mwenye maumivu makali ya kifua, aliyepoteza fahamu, aliyepata degedege au ambaye ghafla mdomo umepinda na mkono umelegea, wote wapelekwe kituoni mara moja. Kwa wajawazito na watoto wachanga upo utaratibu wa usafiri wa dharura wa m-mama kupitia namba 115 isiyo na malipo, na kwa maswali ya jumla ya afya ipo namba 199 ya Wizara ya Afya. Homa nayo haitibiwi kwa kusikilizwa. Katika maeneo yetu ya baridi watu husema hakuna malaria, lakini kijana aliyetoka kuvuna mpunga Kyela au Mbarali wiki chache zilizopita anaweza kuwa nayo, kwa hiyo anayepokea simu aulize mgonjwa ametoka wapi, kisha amtume akapimwe kabla ya kumeza chochote.

Wakati wa mazungumzo

Daktari asome faili kabla ya kupiga. Ajitambulishe kwa neno mlilokubaliana, asalimie kwa ukamilifu, aulize hali ya nyumbani na mashamba, kisha aulize kama mgonjwa yuko mahali anapoweza kuzungumza kwa uhuru. Wapo wataalamu vijana wanaoiona salamu ndefu kuwa ni kupoteza salio. Bibi wa Iringa aliyeamkiwa kwa “Kamwene” na kupewa nafasi ya kujibu ataeleza tatizo lake mwenyewe, akikatizwa kwa “una shida gani?” atajibu kwamba hajambo, na simu itakatwa.

Lugha iangaliwe kwa makini. Kiswahili ni cha wote, lakini mzee anapoeleza maumivu yaliyo ndani ya mwili huyaeleza vyema kwa Kikinga, Kisafwa, Kihehe au Kinyakyusa, na kwenye simu hawezi kuonyesha kwa kidole panapouma. Kama daktari haijui lugha hiyo, mkalimani awe ni muuguzi au mhudumu wa afya, na mgonjwa aulizwe kwanza kama anamridhia. Mtoto asifanywe mkalimani wa mama yake katika mambo ya uzazi.

Ulizeni swali moja kwa wakati mmoja na mngojee jibu, hata kimya kikiwa kirefu. Mwishoni mgonjwa arudie kwa maneno yake mwenyewe atakunywa dawa ipi, mara ngapi, na dalili gani ikitokea atakwenda kituoni. Msimwulize “umeelewa?” kwa sababu jibu lake mnalijua.

Yanayofuata baada ya simu kukatwa

Nimeona huduma yenye madaktari wazuri na mtandao mzuri ikifa kwa sababu moja: daktari aliandika dawa ambayo mgonjwa hakuipata. Mtu akishazungumza na daktari, akaambiwa abadilishiwe dawa, akaenda zahanati akakuta hakuna anayejua habari hiyo, kwake simu ile ilikuwa maneno matupu, naye mara nyingine atapanda gari au atabaki nyumbani.

Kwa hiyo msifungue miadi ya simu kabla ya kukubaliana na zahanati zilizo karibu na wagonjwa. Maelekezo ya daktari yaifikie zahanati siku hiyohiyo, yakiwa na namba ya faili na jina la aliyeyatoa, na muuguzi wa zahanati apime presha au sukari na kurudisha majibu. Duka la Dawa Muhimu la kijijini, mpango uliojaribiwa kwanza mkoani Ruvuma mwaka 2003 kabla ya kuenea nchini, linaweza kusaidia kwa dawa zile ambazo limeruhusiwa kuuza, lakini haliwezi kuwa mbadala wa cheti cha daktari, na mwenye duka asiombwe kukisia alichokisema daktari. Mgonjwa anayehitaji rufaa apewe barua na siku ya kuonwa kabla hajasafiri. Anayetoka Namtumbo au Ludewa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya anatumia fedha nyingi mno kuambiwa arudi wiki ijayo.

Njia ninayoiamini zaidi ni ile ambayo mgonjwa hukaa zahanati pamoja na muuguzi, na muuguzi ndiye anayezungumza na daktari bingwa aliye mbali huku mgonjwa akisikia na kuuliza. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, na mabingwa wengi wako huko. Kwa njia hii mgonjwa hupata ushauri wao akiwa na mtu anayemjua, kipimo kinafanyika hapohapo, simu ni ya kituo, na muuguzi hujifunza jambo litakalomfaa kwa mgonjwa mwingine. Kwa watu wanaoona aibu ya simu au wasio nayo, huu ndio mlango wa kuingilia.

Baada ya miezi mitatu fungueni rejista, lakini msihesabu simu zilizopigwa tu. Tafuteni majina ya waliopiga mara moja wasirudi, na ya walioandikishwa wasipige kabisa, kisha mhudumu wa afya aende kwao. Aangalie ni wanawake wangapi, wanatoka vijiji gani, simu ni za nani, na kama dawa walizoandikiwa waliziona kwa macho. Sisi tulipofanya hivyo tulikuta kitongoji kizima kilichokuwa kimya kwa sababu mnara uliokuwa ukiwafikia ulizimika tangu mvua za Desemba na hakuna aliyetuambia, tukaanza kumtuma muuguzi huko na pikipiki ya kituo kila Jumatano ya pili.